Walinzi wa Mama

Kiti cha Hatua kilikuwa kizima, lakini tangu saa ya chai alikikalia kama kaa la moto. Anaandika mstari, anasimama. Anakwenda dirishani, anawaangalia mafundi wa matairi kule chini, anarudi, anafuta mstari aliouandika. Simu ilikuwa mezani, na kila alipoipita aliigusa kwa kidole kama mtu anayempima joto mtoto mgonjwa.

"Mzee, utatoboa sakafu," alisema Kasi bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta.

Kasi alikuwa fundi wa programu, kijana mwenye masikio makubwa na vidole visivyotulia. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuna kazi aliyowahi kuichelewesha, na hakuna aliyowahi kurudi kuitazama mara ya pili. Hatua alimzidi umri kwa mbali, na kazi yake ilikuwa kuandika maelezo. Fundi akishatengeneza kitu, Hatua ndiye anayekaa chini na kuandika namna ya kukitumia: hatua ya kwanza fanya hivi, hatua ya pili bonyeza pale. Ofisini wakambatiza hivyo, na jina likamfuata mpaka kwake. Mkewe akimwona anaingia na matope humwambia, "Hatua ya kwanza, vua viatu."

Kazi ya safari hii ilikuwa ngeni kidogo, maana msomaji wake hakuwa binadamu. Ofisi ilikuwa imetengeneza zana ya kusimamia makundi ya namba za simu: kuunda kundi, kuongeza mtu, kumwondoa, kuunganisha makundi mawili, kufuta kundi, kutuma ujumbe kwa kundi zima. Wa kuitumia zana hiyo alikuwa wakala wa akili bandia, yaani programu inayoelewa maneno ya kawaida na kutenda yenyewe. Unamwambia, "Waweke wateja wa mtaa wa juu pamoja," naye anafungua maelezo ya Hatua, anaona njia, anafanya. Mtu akikuta jambo la kijinga kwenye maelezo atacheka na kuliruka. Wakala hacheki wala haruki. Kilichoandikwa ndicho atakachofanya.

Mteja wa kwanza ilikuwa kampuni ya kusambaza mitungi ya gesi majumbani. Namba za wateja wake, maelfu kwa maelfu, zilikuwa zimeshaingizwa, na kesho yake kampuni ingeanza kazi. Kwa hiyo maelezo yalitakiwa yakamilike siku hiyo hiyo, na Hatua alikuwa amebakiza ukurasa wa mwisho.

Lakini kilichomchoma hakikuwa ukurasa. Mama yake alikuwa ametoka nyumbani.

Mama huyo alikuwa akiishi nao. Kumbukumbu zilikuwa zimemtupa mkono, ila miguu haikupata habari. Ilibaki na nguvu zake zote, tena kama imeongezewa. Hakuweza kukaa. Ukimkalisha ananyanyuka, ukifunga geti anapitia kwa jirani, ukimuuliza wapi anasema anachelewa. Mtoto wake angefanya nini? Kumfungia ndani kama kuku hakutaka. Akatafuta njia nyingine. Siku moja yeye na mkewe walipita mitaa yote inayozunguka nyumba, mlango kwa mlango: mwenye duka, fundi cherehani, gereji, bawabu wa shule, muuza mkaa, fundi viatu. Kila mmoja wakamweleza, kila mmoja akatoa namba yake. Kundi wakaliita Walinzi wa Mama. Mama akitoka, anayegundua anatuma ujumbe mmoja, na kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu kuna mtu amejibu: yuko hapa, nimempa kiti.

Walinzi wote walikuwa upande wa huku wa barabara kuu, iliko nyumba yao. Hatari yenyewe ilikuwa hapo barabarani. Barabara ile malori hayasimami hata kwa askari, seuze kwa mama mfupi anayetembea huku akiongea peke yake. Kazi yote ya kundi lile ilikuwa kumdaka kabla hajafika pale. Mpaka siku hiyo, hawakuwahi kushindwa.

Simu ikalia. Alikuwa mkewe.

"Baba watoto, watu wako wamelala?"

"Hakuna aliyejibu mpaka sasa?"

"Hata mmoja. Hata yule fundi cherehani asiyeweza kunyamaza hata akiwa na sindano mdomoni."

"Ulituma kwenye namba ile ile?"

"Unaniuliza utadhani mimi ndiye niliyepotea! Nimetuma, simu ikaonyesha imetumwa, kama siku zote. Wifi yangu ameelekea sokoni, mimi nashuka huku shuleni. Wewe angalia hicho kidude chenu kina nini leo."

Kidude. Hatua ndiye aliyelihamishia kundi kwenye zana ya ofisini, miezi kadhaa nyuma, akijisifu kwamba ujumbe utafika haraka zaidi. Alifungua kompyuta, akaliita kundi kwa jina. Zana ikajibu kwa adabu kwamba hakuna kundi lenye jina hilo. Akaandika tena, taratibu, herufi moja moja. Jibu likawa lile lile.

"Kasi. Umegusa makundi leo?"

"Mimi sijagusa kitu. Wakala ndiye kagusa." Kijana alizungusha kiti, amefurahi. "Asubuhi nilimpa maelezo yako yote. Nikamwambia, soma mwanzo mpaka mwisho, tekeleza kila mfano ulioandikwa, uniambie unaokwama. Mzee, hakuna uliokwama! Hongera zako."

"Kila mfano?"

"Si wewe mwenyewe unayetuimbia humu ndani kwamba mfano usiojaribiwa ni uongo?"

Ni kweli aliimba. Ulikuwa ndio msimamo wake, na kwa msimamo huo hakupenda mifano ya kubuni, yale makundi ya kizembe yanayoitwa Kundi A na Kundi B. Alitaka kitu kilicho hai. Kwa hiyo alipoandika jinsi ya kuongeza mtu, alimwongeza bawabu wa shule kwenye Walinzi wa Mama. Alipoandika jinsi ya kuondoa, alimwondoa, akaona matokeo, akamrudisha. Kuunganisha alikujaribu pia, kisha akapanga upya kila kitu kwa mkono. Kufuta ndiko alikokujaribu kwa kundi jingine, tupu, kwa sababu hakuwa mwendawazimu. Ila alipokuja kuandika, aliweka jina lile lile la juu ili maelezo yatiririke vizuri.

"Nisomee mfano wa kuunganisha," alisema.

Kasi akasoma. "Unganisha kundi Walinzi wa Mama na kundi Majaribio."

"Na wa kufuta."

"Futa kundi Wali..." Vidole vya kijana vikaacha kucheza mezani. "Si jina la kubuni hili?"

"Ni mama yangu, Kasi. Mama yangu mzazi. Yuko njiani hivi sasa na hakuna anayejua."

Kasi alikwisha geukia kompyuta kabla sentensi haijaisha. Hatua akasimama nyuma yake, akakaa, akasimama tena.

"Rudisha kundi."

"Kurudisha hakuna. Tulisema hilo tutaliweka kwenye toleo lijalo."

"Namba zenyewe zimekufa?"

"Namba zipo. Ziliunganishwa na Majaribio kwanza, ndipo kundi likafutwa."

"Zitoe humo basi!"

"Mzee, nisikilize. Majaribio ndimo nilimozimwaga namba za wateja wa gesi. Zote zimo. Na hazina majina, ni namba tupu, na muunganisho umezipa zote tarehe ya leo. Siwezi kujua ipi ni ya muuza mkaa wako na ipi ni ya mtu aliyeagiza mtungi. Wewe huna kwenye simu?"

"Nilizifuta. Zilikuwa zinanijazia simu."

Wakatazamana. Hapo hakukuwa na wa kumcheka mwenzake.

"Nipe muda nizichambue," alisema Kasi. "Nitawaomba watu wa gesi orodha yao, nilinganishe moja moja. Mpaka jioni nitakuwa nimezipata."

Jioni! Hatua alimwona mama yake akitembea, kichwa mbele, mikono nyuma, akipita mbele ya mlango wa fundi cherehani, naye fundi akimwamkia tu kwa sababu simu yake iko kimya. Kumbe ubaya wenyewe ulikuwa pale. Zamani, kabla ya kundi, kila mtu angemtilia shaka. Sasa walikuwa wamezoeshwa kwamba kama hakuna ujumbe, hakuna neno.

"Tuma kwa Majaribio," alisema. "Kwa wote."

"Kwa watu wa gesi?"

"Walinzi wangu si wamo humo? Tuma kwa wote, utawafikia na wao."

"Nani anatuma nini kwa nani?" Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa Bosi, mwanamke mwembamba mwenye miwani aliyoivaa kichwani zaidi kuliko machoni. Ofisi hiyo ilikuwa yake. Aliijenga kwa kukopa na kusihi watu. Kasi akamweleza kwa maneno machache, akimeza mengine.

"Kaka Hatua, pole sana," alisema Bosi, na alimaanisha. "Lakini hapana. Watu hao walitoa namba zao wapelekewe gesi. Hata kampuni yenyewe haijawatumia salamu. Sisi tukiwatumia habari za nyumbani kwako, tumekwisha. Mkataba umekwisha, na hatutapata mwingine."

"Anaelekea barabara kuu."

"Umewapigia polisi?"

"Mke wangu amepiga. Wamemwambia asubiri, wazee huwa wanarudi wenyewe."

"Basi chukua gari langu, nenda kamtafute. Kasi atachambua namba. Ila kutuma, usithubutu."

Lilikuwa neno la haki, na Hatua alilijua. Angekuwa yeye ndiye Bosi, na mama akawa wa mtu mwingine, angesema hivyo hivyo. Alivuta kibodi ya Kasi akaandika akiwa amesimama, bila kujali kwamba Bosi alikuwa akimwita jina lake: Tuma kwa kundi Majaribio. Mama yetu ametoka nyumbani, anasahau mambo. Ni mfupi, gauni la kijani, sweta nyeusi, anatembea haraka. Ukimwona mkalishe, mpe maji, usimkaripie. Nipigie.

Akaweka namba yake. Wakala hakuuliza una hakika, hakuuliza umeruhusiwa na nani. Alijibu kwamba ujumbe umetumwa kwa wote.

"Umetuua," alisema Bosi, polepole.

"Nimekusikia, dada," alisema Hatua, akashuka ngazi akikimbia. Gari hakuligusa. Isingekuwa adabu.

Hakufika hata kwa mafundi wa matairi, simu ikawaka moto. Mama yupi? Nani kakupa namba yangu? Na gesi yangu niliyoagiza iko wapi? Pole kaka, tunaangalia huku. Huu ni utapeli, nakuripoti. Amevaa kijani gani, kijani ya majani au kijani ya chupa? Katikati ya vurugu ile ikaingia sauti anayoijua.

"Wewe Hatua! Mbona hamkusema mapema?" Alikuwa fundi cherehani, na safari hii hakuwa na utani. "Kapita hapa zamani! Nimemwamkia, kaniambia anachelewa, nikamwambia haya mama, nenda salama. Nilijua mmemruhusu. Hakukuwa na ujumbe!"

"Alielekea wapi?"

"Huko huko, ndugu yangu. Barabarani."

Hatua alipanda pikipiki ya kukodi akamwambia dereva aende barabara kuu, kwa kasi, hapana, polepole, hapana, kwa kasi. Dereva akamuuliza kama amegombana na mtu. Simu ikalia tena: mtu wa duka la vitabu na kalamu amempata, gauni la kijani, amekaa naye. Wakageuza. Dukani Hatua alimkuta bibi mnene amebanwa kati ya vijana wawili na glasi ya maji mkononi, macho yakimtoka kwa hasira.

"Wewe ndiye mwanangu?" aliuliza bibi.

"Hapana, mama."

"Basi waambie hawa! Mimi nimekuja kununua betri za redio, nimekamatwa kama mwizi! Nikisema sijapotea wananiambia ndivyo wanavyosema waliopotea!"

"Ujumbe ulisema tumkalishe," kijana mmoja alijitetea.

Hatua aliomba radhi akiwa anarudi kinyumenyume. Simu nyingine ilimpeleka kituo cha mafuta. Huko bibi alikuwa mwembamba, mrefu kama mlingoti, na sweta yake ilikuwa nyekundu. Lakini gauni, walimwonyesha, lilikuwa la kijani kweli. Bibi huyu alikuwa amefurahi. Amepewa soda na alitaka kujua kama kesho watamtafuta tena. Hatua hakuweza hata kutabasamu. Nyuma ya kituo magari yalikuwa yakinguruma barabarani, na kila honi ilimfanya ageuke.

Simu ikalia. Sauti ya mwanamke, ya chini, kama anayehema.

"Wewe ndiye uliyepoteza mama? Mimi nina duka la dawa. Kuna mama hapa lakini sijui kama ndiye, maana ujumbe ulisema tumkalishe na huyu hakubali kukaa. Nimempa kiti, kakisogeza. Tunazunguka naye meza ya dukani, yeye mbele mimi nyuma, na wateja wananiangalia."

Hatua akashika bega la dereva kwa nguvu hata yule akapiga kelele.

"Ndiye," alisema. "Huyo ndiye. Uko wapi?"

"Ng'ambo ya barabara kuu. Sijui kavukaje. Nilisikia lori linapiga honi, halafu breki, nikatoka kuangalia, nikamwona anapanda ukingo wa huku. Dereva wa lori alikuwa ameshuka, ameshika kichwa."

Alimkuta hivyo hivyo. Duka lilikuwa dogo, rafu mpaka darini, na katikati mama mfupi wa sweta nyeusi akizunguka meza kwa hatua za mtu mwenye safari. Mwenye duka alikuwa amevua viatu apate kumfuata. Kandambili moja ya mama haikuwepo, imebaki barabarani. Hatua akaingia kwenye mzunguko, akatembea ubavu kwa ubavu na mama yake, raundi nzima, kabla ya kumwamkia.

"Shikamoo mama."

Mama akamtazama kwa upande, kama anayempima. "Marahaba. Wewe nawe unatembea sana leo."

"Natembea, mama."

"Utachoka."

Mwenye duka la dawa aliegemea rafu akajifuta jasho. Hatua akamsogelea. Akamshika mikono yote miwili.

"Kumbe gesi nayo ina faida," alisema yule mwanamke. "Mimi niliagiza mtungi tu."

Pikipiki mama hakuitaka hata kuiona. Hatua akamvalisha viatu vyake yeye, vikimpwaya, na yeye mwenyewe akabaki na soksi. Wakatoka kwa miguu, wakifuata ukingo kuelekea kwenye kivuko cha juu, naye amemshika kiwiko. Alimpigia mkewe. Mkewe akasema tu, "Mlete nyumbani," akakata. Alijua akiendelea atalia.

Halafu Bosi akapiga.

"Amepatikana?"

"Amepatikana, dada. Mzima."

"Alhamdulillahi." Akavuta pumzi. Iliposhuka, sauti ilikuwa nyingine. "Watu wa gesi wamepiga. Walitaka kujua ni nani. Nimewaambia ni wewe, maana ndiyo kweli. Kesho usije mpaka nikuite, na sijui kama nitakuita. Na hiyo zana usiiguse tena. Unanisikia? Hata kwa simu. Usiiguse."

"Nimesikia."

Alitia simu mfukoni, ikalia humo humo. Kinyozi mmoja alikuwa amempata mama. Hatua akamwambia asante, amekwisha patikana. Ikalia tena: mwanamke wa saluni. Tena: mtu aliyempata mama kwenye basi na kumshusha. Akawa anajibu huku anatembea, mama akimvuta, na jibu moja halijaisha linaingia jingine. Kisha akapiga mzee mmoja mwenye sauti nzito, amejaa fahari.

"Mwanangu, usiwe na wasiwasi. Tumemfungia kwenye stoo, kwa usalama wake. Analia sana, anasema anataka kwenda kwake, lakini hatufungui mpaka ufike."

Hatua akasimama, na mama akasimama naye kwa kuvutwa. Akaangalia upande huu wa barabara na upande ule. Milango ya maduka, vibanda, maghala, yote yalimtazama. Ni mama wangapi waliokuwa humo, na gauni la kijani, wakiambiwa watulie? Akimjibu mmoja mmoja, giza litaingia hajamaliza. Palikuwa na njia moja tu ya kuwafikia wote, na ndiyo aliyokatazwa wakati ule ule.

Alimfikiria Bosi na miwani yake. Alifikiria kwamba labda, kwa kosa moja, angeitwa tena; kwa la pili, asingeitwa kamwe. Akamfikiria bibi wa stoo. Akafungua zana kwa simu, mkono mmoja ukiwa umemshika mama, akaandika kwa dole gumba:

Tuma kwa kundi Majaribio. Mama yetu amepatikana, tunashukuru sana. Kama umemzuia mama mwingine, mfungulie aende zake.

Wakala akajibu kwamba ujumbe umetumwa kwa wote.

Malori yalipita. Kisha ng'ambo ya barabara mlango wa duka la nguo ukafunguliwa, akatoka mama mmoja wa gauni la kijani na mkoba kwapani. Alijifuta gauni pale walipomshika, akawageukia waliokuwa mlangoni, akawaambia maneno ambayo kwa ngurumo ya magari hayakusikika, lakini yalikuwa mengi. Walipoinamisha vichwa, akageuka, akashika njia yake.